Mgeni Asiyekula

Siku wakazi wa Mtaa wa Marijani walipolalamika kwamba kivuli chao hakina ubaridi wa kutosha, Reinfrida Tawete alicheka peke yake kwenye kiti chake katika Ukumbi wa Sikio mpaka machozi yakamtoka. Kisha akanyamaza, maana kioo kilionyesha kwamba Sikio limewaamini.

"Digrii tatu zaidi ya jana," mwanamke mmoja wa Marijani alikuwa akisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Yale matanga ya kitambaa ya kutupa kivuli yametandazwa juu yetu tangu asubuhi, lakini upepo wake ni wa vuguvugu. Mtoto wangu amekataa kula. Mbwa wangu amekataa kula. Sisi tutaishije?"

Kioo kikaandika: mzigo tisini na moja kwa mia.

Reinfrida alikuwa mrekebishaji wa lafudhi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha Sikio halimwonei mtu kwa sababu ya namna anavyotamka, na aliifanya kwa miaka kumi na miwili bila doa. Alilipenda Sikio. Alikuwa amezaliwa kabla yake, akakulia enzi zile barabara ilipofuata kijiji alikozaliwa mkubwa, na kijiji kisicho na mkubwa kikaambiwa kisubiri bajeti ijayo. Watu walipochoka, likaundwa Sikio: nguzo ya kioo cheusi, kimo cha mtu mzima, moja katika kila kata ya nchi. Unaiendea, unasema lililokukaa moyoni, nayo inapima maneno yako, mtetemo wa koo lako, pumzi inavyokatika, hata ukimya wa wanaokusikiliza. Kisha inakagua madaftari ya shule na zahanati ili kuhakikisha hukudanganya. Mwisho inatoa namba moja iitwayo mzigo, na namba hiyo ndiyo inayoamua nani apate nini. Sikio halina mjomba, watu walisema, na walisema kwa fahari.

Wiki hiyo kilichoamuliwa kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Mshipa, lile bomba nene kama kiuno cha fahali linalobeba umeme, maji safi na mawasiliano kwa pamoja, ulikuwa umekwisha kutandazwa pwani na kaskazini. Kata ulikopita ziliamka. Hospitali zilipasua watu usiku na mchana, viwanda vilisindika, vijana waliacha kuhama. Kusini ulikuwa haujagusa. Sasa ulikuwa umebaki urefu wa tawi moja tu, na baada ya hapo kiwanda cha kuutengeneza kingefungwa kwa miaka ishirini. Siku tano zilibaki kabla ya Sikio kufunga hesabu za mizigo. Marijani, wenye Mshipa tayari, walikuwa wanaongoza ili wapate tawi la pili la kupoza kivuli.

Reinfrida alishuka kwenye orodha, akashuka, akashuka, mpaka karibu na mwisho kabisa. Kata ya Lihangweni, kwao, kwa Wangoni. Mzigo tisa kwa mia. Pembeni yake Sikio lilikuwa limeandika kwa adabu: wakazi wameridhika.

Aligusa jina hilo, na sauti ya mama yake ikajaa ukumbini.

"Hatujambo, tunamshukuru Mungu," alisema Mama Gaudensia, mkunga wa zahanati ya Lihangweni kwa miaka thelathini na moja. "Na wewe hujambo? Za huko utokako? Karibu."

Kila Jumatatu aliiendea nguzo, na kila Jumatatu aliiamkia hivyohivyo. Reinfrida alirudisha nyuma wiki, miezi, miaka. Akafika kwenye Jumatatu moja ya masika.

"Habari za leo ni nzuri. Tumelala salama. Yuko mmoja tu hatukuamka naye, basi, ni mapenzi ya Mungu. Karibu."

Sikio liliandika: ridhaa ya juu.

Reinfrida aliijua Jumatatu hiyo. Aliyekuwa hakuamka ni Benadeta Luambano, rafiki yake wa utotoni, aliyekufa akijifungua. Alijikuta amekasirika, na asijue amkasirikie nani, mama yake au mashine. Madaftari ya zahanati yalikuwa na jina la Benadeta, na Sikio lilikuwa na madaftari. Lakini madaftari hutumika kumkagua aliyelia. Hayamtafuti asiyelia.

Mkono wake ukaenda kwenye gurudumu la uzito.

Lilikuwa gurudumu dogo la shaba, la kurekebisha lafudhi, na warekebishaji wanne tu nchini waliruhusiwa kuligusa. Robo mzunguko ingetosha. Lihangweni ingepanda kutoka tisa hadi tisini na tano, na hakuna ambaye angejua. Lakini mzigo hauzaliwi hewani. Jumla ya kanda ilikuwa imefungwa, na ukimwongezea mmoja kwa gurudumu, Sikio huwapunguzia jirani zake. Kioo kikamwonyesha jirani wa kwanza: Kata ya Ukumbilwa, kwa Wahehe, mzigo arobaini na moja. Akizungusha, watu wa Ukumbilwa wangesomeka kama watu wanaokula bata, na akina mama wao nao walikuwa wakibebwa kwa machela.

Alikaa hivyo, vidole juu ya shaba, mpaka shaba ikapata joto. Akatoa mkono.

"Unaangalia kwenu?" Bwana Mwinyikombo, mkuu wake, alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa. Alikuwa Mzaramo mnene, mpole, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. "Mzigo tisa. Watu wako wana raha, Reinfrida. Mimi nikistaafu nahamia huko."

"Karibu sana, Mzee," alisema Reinfrida. "Njoo na tochi."

Aliomba likizo ya siku saba mchana huohuo.

*

Ilimchukua siku mbili kufika. Safari ya siku ya kwanza aliimaliza kwa saa mbili, kwenye gari liendalo juu ya Mshipa bila kugusa ardhi. Ya siku ya pili aliifanya kutwa nzima nyuma ya pikipiki ya mizigo, katikati ya gunia la chumvi na jerikani la mafuta, juu ya njia ambayo maji ya mvua yalikuwa yameichimba hadi kwenye mawe. Alifika mgongo unauma mahali asipopajua kwamba panauma.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za safari?"

"Nzuri," alisema Reinfrida, na aliposikia neno hilo likimtoka, huku anasimama kwa shida, nusura ajichape kofi.

Mama Gaudensia alimnawisha, akamtengea ugali na kisamvu, akamtazama akila. Alipomaliza ndipo akaambiwa mambo: kwamba paa la zahanati limetoboka, kwamba maji ya kuoshea yanatoka kijito cha chini, mwendo wa saa moja na nusu, kwamba tangu mwaka uanze wamebebwa akina mama kumi na mmoja kwenda hospitali ya mbali na wamerudi tisa. Aliyasema yote kwa mfululizo, kwa sauti ya chini. Reinfrida akaweka bilauri chini.

"Mama, haya umewahi kuliambia Sikio?"

"Lipi?"

"Ile nguzo uwanjani."

Mama yake alimwangalia kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kwenda kanisani bila nguo.

"Mgeni haambiwi shida za nyumba kabla hajanawa akala. Ukimwambia akiwa bado na njaa, ni kumfukuza. Hilo nilikufundisha hujaota meno ya pili."

"Ile si mgeni, Mama. Ni mashine."

"Imetumwa na serikali kutoka mbali, ikasimama uwanjani kwetu. Kama si mgeni ni nani? Wiki ya kwanza tuliipelekea uji. Babu yako Otmar, Mungu amrehemu, aliichinjia kuku mzima. Haikugusa. Miaka kumi na tisa imesimama pale, haijaketi, haijala. Mgeni asiyekula kwako ama anakudharau ama anakuogopa, na vyovyote vile humpi siri zako. Unamsalimu, basi."

"Hesabu inafungwa siku tatu zijazo," alisema Reinfrida. "Mshipa uliobaki ni tawi moja. Likienda kwingine, ni miaka ishirini tena. Nenda kesho ukalie mbele yake, Mama. Mara moja tu."

Mama Gaudensia alikusanya vyombo taratibu. Alipoongea hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo lilimuumiza Reinfrida zaidi.

"Nilie kama mtu wa kuomba barabarani, nipewe? Na jirani yako ambaye hajui kulia vizuri, naye apewe nini? Hapana, mwanangu. Kufa kwetu tutakufa, lakini hatutajipaka mavumbi kwa ajili ya nguzo."

"Basi machungu yako unamwambia nani?"

"Mungu. Na siku za msiba, watani wananisemea."

Alitoka na vyombo. Reinfrida alibaki ameduwaa na mkono wake haujakauka. Alikumbuka mazishi ya baba yake, wale Wahehe, watani wa Wangoni, waliokuja wakalala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka wapewe jogoo, wakimwiga marehemu alivyokuwa akikoroma na alivyokuwa mbahili wa sukari. Walikuwa wamesema mbele ya watu wote mambo ambayo familia isingeyasema kwa mwaka mzima. Na hakuna aliyekasirika. Mtani hakasirikiwi.

*

Mzee Kihwele wa Ukumbilwa ndiye aliyeongoza kundi lile la kaburini. Simu ilikamatika Lihangweni sehemu moja tu, juu ya jiwe nyuma ya shule, na hapo ndipo Reinfrida aliposimama kumpigia. Alimweleza anachotaka. Kisha akamweleza na lile ambalo angeweza kulinyamazia.

"Ninyi mna arobaini na moja, sisi tuna tisa. Mkija mkatusemea na sisi tukapanda, tutawapita. Tawi ni moja, Mzee. Nisingependa uje hujui."

 Upande wa pili akasikia karatasi ikikunjuliwa, au labda ni upepo.

"Wangoni mna wazimu," alisema Mzee Kihwele hatimaye. "Mnamwita simba awachungie ndama. Ngoja nikavae viatu."

Walifika siku ya mwisho, saa nne asubuhi, watu kumi na wawili wamejaa vumbi, na dumu la ulanzi, pombe ya mianzi. Kata nzima ilikuwa uwanjani kuzunguka nguzo, maana Reinfrida aliwaambia tu kwamba watani wanakuja, na hiyo ilitosha. Mzee Kihwele alikuwa mwembamba, mrefu, na kofia iliyokuwa na adabu kuliko mdomo wake.

"Hodi, watumwa wetu," alisema. "Tumekuja kuwahesabu. Leteni na wale panya mliotuchomea, tuna njaa."

"Karibuni," alijibu mwalimu mkuu. "Mbwa wetu tumewafungia ndani wasiliwe, tulijua mnakuja."

Uwanja ukaangua kicheko. Wahehe wakajipanga mbele ya nguzo, na Mzee Kihwele akaipigapiga begani kama rafiki yake wa zamani.

"We nguzo, umedanganywa miaka kumi na tisa. Hawa wanakwambia hawajambo? Hawa? Mtoto wao akitaka kusoma jioni anasubiri radi. Barabara yao ukipanda pikipiki, meno yanafika kabla yako. Kijito chao kiko mbali hivi kwamba anayekwenda kuchota maji anaaga kwa kushikana mikono."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Reinfrida naye alicheka, kisha akatazama bangili ya kupimia aliyoivaa mkononi, iliyomsomea namba za nguzo, akaacha kucheka.

Mzigo ulikuwa unashuka. Saba. Sita. Nne.

Alielewa papo hapo, na alijiona mjinga asiye na mfano, yeye mwenye miaka kumi na miwili ya kazi. Sikio lilikuwa limefundishwa kwamba kicheko ni raha. Watu mia nne wakicheka kwa pamoja, hakuna maneno yanayoweza kukizidi kicheko hicho. Na kata ikifika sifuri huandikwa imetimilika, nguzo yake hung'olewa ikapelekwa kwingine, na hairudi. Alikuwa amewaleta watani kuokoa kata, nao walikuwa wanaizika kwa vichekesho.

Tatu.

Alitaka kupiga kelele wanyamaze. Lakini angewaambia nini, wasicheke na watani wao? Mzee Kihwele alikuwa amekwisha kumgeukia Mama Gaudensia.

"Na huyu ndiye bingwa wao," alisema. "Mkunga. Anazalisha ndani ya chumba kisicho na dirisha, ameuma tochi mdomoni, mchana kweupe kama usiku wa manane. Mtoto akitokeza kichwa, cha kwanza kukiona duniani ni bibi mwenye taa puani. Ndiyo maana watoto wa Lihangweni wanazaliwa wanalia."

Mbili.

Mama Gaudensia alisimama. Alikuwa mfupi, na ilibidi watu wa mbele wainame ili aonekane. Alisogea mpaka mbele ya Mzee Kihwele, akiipa nguzo mgongo, na akamtazama usoni.

"Mtani, umesema kweli," alisema. "Lakini umeipunguza."

Kicheko kilififia, si kwa mara moja.

"Tochi naishika kwa meno kwa sababu mikono yangu miwili ina kazi. Meno haya mawili ya mbele yamelegea kwa tochi. Maji ya kijito hayana kuagana kwa kushikana mikono, mtani. Yanachotwa na mjamzito mwenyewe, anakuja nayo kichwani siku ya kujifungua, maana zahanati haina. Nikikosa maji naosha mikono kwa jivu. Na tukishindwa hapa tunabeba machela, vijana wanane, wanapokezana."

Hakuna aliyecheka sasa. Mzee Kihwele alivua kofia.

"Benadeta wa Luambano tulimbeba masika ile. Tulifika kijitoni kimejaa. Tukasimama ndani ya maji, yamefika kifuani, machela tumeiweka vichwani. Akaniita. Akasema, Mama, nitueni mpumzike kidogo, mmechoka." Sauti ya Mama Gaudensia haikupanda wala kushuka. "Yeye ndiye aliyekuwa anakufa, mtani. Sisi ndio aliotuonea huruma. Nilirudi nikakaa nyumbani, na Jumatatu nikaja hapa kusema hatujambo. Haya wewe mtani unaruhusiwa kuyajua, kwa sababu wewe ni mtumwa wangu na huna adabu. Nimekwambia."

Uwanja ulikuwa kimya. Kilikuwa kimya cha watu mia nne, cha aina ambayo nguzo ile haikuwahi kuipima tangu isimamishwe. Reinfrida hakuthubutu kutazama bangili. Mume wa Benadeta alikuwa amejifunika uso kwa mikono, na mmoja wa Wahehe alimwendea, akamkumbatia huku akimwita mtumwa.

Kisha mwalimu mkuu akasogea mbele, akasimama mbele ya mtani mwingine, mama mmoja mnene wa Ukumbilwa, akamwambia habari za wanafunzi wake wanaoacha shule ili wakachote maji. Baada yake fundi baiskeli. Baada yake mama muuza vitumbua, aliyemzika mumewe kwa homa iliyokuwa na dawa. Walisimama mistari kumi na miwili, kila mstari mbele ya mtani mmoja, na kila aliyefika mbele alisema yake kwa utulivu kama anayetua mzigo chini. Waliokwisha kusema hawakuondoka. Wengine walichekeana tena, lakini sasa walikuwa wakicheka na kulia kwa pamoja, na Reinfrida alilia nao bila aibu, amemshika mama yake bega.

Saa kumi alasiri, hesabu zilipofungwa, alitazama. Mzigo tisini na sita kwa mia.

*

Marijani hawakukubali. Walipeleka pingamizi kwamba Lihangweni wamefundishwa kulia na mtumishi wa Sikio, na Reinfrida akaitwa mbele ya Bwana Mwinyikombo siku ya kwanza ya kurudi kazini. Alikwenda amevaa sketi yake nzuri. Kama ni kufukuzwa, alisema moyoni, wamfukuze akiwa nadhifu.

Bwana Mwinyikombo alikuwa amezisikiliza rekodi zote kwa siku mbili, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nani aliwafundisha kusema?"

"Watani wao, Mzee. Na mimi ndiye niliyewaita."

"Sikio limekagua madaftari. Hakuna neno hata moja la uongo." Alivuta kiti karibu. "Na wewe? Kuna jambo unataka kuniambia kabla sijaliuliza?"

"Kabla ya likizo nililigusa gurudumu," alisema Reinfrida.

"Najua. Gurudumu linatunza joto la mkono. Uliligusa dakika nne, na hukulizungusha hata unywele. Nilingoja nione kama utasema." Akajifuta macho. "Mama yangu alipofariki, nilikaa siku tatu sijatoa chozi, nikiwaambia watu niko salama. Wakaja Wasukuma, watani zangu. Mmoja akavaa kanga ya marehemu akaanza kunifokea kama alivyokuwa akinifokea yeye. Nililia mpaka wakanimwagia maji. Miaka yote hii nimekaa na mashine ya kusikiliza, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu ambao hawasikiki mpaka atokee wa kuwachokoza."

Akachukua kalamu, akatupilia mbali pingamizi la Marijani, akaweka sahihi. Herufi zake zilikuwa kubwa kuliko kawaida.

Hakuishia hapo. Katika mwaka wake wa mwisho kazini, yule mzee mpole aliamka kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Aliagiza Sikio lifundishwe upya kuhusu kicheko, na Reinfrida ndiye aliyelifundisha. Aliagiza pia kwamba madaftari yamtafute asiyelia. Habari za Lihangweni zilipoenea, watani nchi nzima walivaa viatu. Walivuka mikoa, walisimama mbele ya nguzo na kutukanana mpaka kweli ikatoka. Kata mia tatu zilizokuwa zimeandikwa zimeridhika zilipanda kwa mkupuo, na mizigo yao kwa pamoja ilikuwa mikubwa hivi kwamba kiwanda cha Mshipa hakikufungwa tena. Kilijengwa cha pili. Na Marijani, inasemekana, walizoea lile joto la digrii tatu, na hakuna aliyekufa.

Mshipa ulipoanza kuchimbiwa kuelekea kusini, Mzee Kihwele alimpigia Reinfrida.

"Mtumwa wangu, ulidhani tulikuja kwa sababu ya mapenzi? Siku ile uliponipigia nilikuwa na ramani mkononi. Tawi lenu halina pengine pa kupita ila nyuma ya nyumba yangu. Nanyi mngepataje Mshipa bila sisi kuchovya kidole?"

"Na kama lingepitia kwingine, Mzee?"

Alikohoa. "Ningekuja polepole kidogo," alisema, akakata simu.

*

Taa ziliwaka Lihangweni Alhamisi moja, saa tisa mchana, na hakuna aliyeziona kwa sababu ya jua. Watu walikuwa nje wanabishana kama kweli zimewaka. Lakini chumba cha kujifungulia cha zahanati kilijengwa bila dirisha, kwa stara ya akina mama, na humo ndani Mama Gaudensia alikuwa na binti wa fundi baiskeli aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri.

Reinfrida, aliyekuja kwa sherehe, aliitwa kushika sinia la vifaa. Mwanga ulikuwa mweupe, umetulia, hauna kivuli. Maji yalikuwa yakitiririka kutoka bombani na mama yake aliyaacha yatiririke zaidi ya ilivyohitajika. Mikono ya mama yake ilifanya kazi kama ilivyoizoea kazi hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini, kwa kupapasa, bila haraka. Alikuwa bado hajaanza kutumia macho.

Mtoto akatoka. Mama Gaudensia alimwinua, akampangusa mdomo, akamkanda mgongo, akasikiliza. Kilio kikaja. Hapo ndipo alipozoea kumfunga mtoto kwenye nguo na kumkabidhi. Lakini safari hii hakumfunga. Alibaki amemshika mikononi chini ya taa muda mrefu, mpaka Reinfrida akaogopa.

"Mama, kuna tatizo?"

"Hapana," alisema mama yake, na sauti yake ilikuwa imekatika. "Wanatoka na rangi ya majivu. Sikujua. Nimepokea watoto elfu na zaidi kwa tochi isiyoonyesha rangi, siku zote nasikia kilio tu." Alisogeza mtoto kwenye mwanga. "Njoo uone, mwanangu. Rangi inaingia."

Reinfrida aliweka sinia chini, akainama karibu naye. Ilianzia kifuani, ikapanda usoni, ikashuka mikononi, na wote wawili walisimama wakaitazama mpaka ilipofika kwenye vidole vya miguu.